Kwa Miguu Kutoka Nazareti Hata Kapernaumu

Wengi wetu tulisikia majina ya Nazareti, Kana na Kapernaumu kabla hatujalijua jina la makao makuu ya wilaya yetu. Walakini watu waendao kuiona nchi hiyo huiona zaidi dirishani mwa basi: hushuka, hupiga picha, hupanda tena. Mwezi wa Machi 2019 mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na baba yangu mzazi mwenye miaka 68, tulikwenda kwa miguu. Akiba ya safari hiyo tuliiweka kwa muda wa miaka sita, na sababu yake ilikuwa Baba. Yeye ni mkulima wa ngano, tena kwa miaka 30 aliwafundisha wanafunzi wa ubatizo kijijini kwetu, naye alitamani kuikanyaga nchi aliyoisimulia.

NJIA YENYEWE

Njia tuliyoishika huitwa Njia ya Yesu. Ilipangwa mwaka 2007 na watu wawili, Maoz Inon, Myahudi wa Israeli, na David Landis, Mkristo wa Marekani. Urefu wake ni yapata kilomita 65, yaani maili 40, na watu wengi huimaliza kwa siku nne. Alama zake ni mistari ya rangi nyeupe na ya machungwa iliyopakwa juu ya mawe na nguzo. Binti yetu wa miaka 12 ndiye aliyekuwa mtafuta alama wetu. Usiku tulilala katika nyumba za wageni, na chakula cha mchana tulikichukua mabegani: mikate, zeituni, jibini na matango.

Nazareti si kijiji tena. Ni mji mkubwa wa Waarabu, Waislamu na Wakristo, wenye magari na maduka tele, na katikati yake limesimama Kanisa la Kupashwa Habari, lililowekwa wakfu mwaka 1969. Njia hutoka mjini kwa kupanda ngazi nyingi kati ya nyumba, kisha mtu huona mashamba. Mbele kidogo yako magofu ya Sepphoris, uliokuwa mji mkuu wa Galilaya hapo Herode Antipa alipoanza kutawala. Wataalamu wengine hudhani kwamba Yusufu seremala alipata kazi huko, kwa kuwa mji ulikuwa ukijengwa upya; lakini hiyo ni dhana tu.

KANA MBILI

Jioni tulifika Kafr Kanna, ambako wageni huonyeshwa makanisa ya ukumbusho wa arusi ile ya divai. Tulipokuwa tukinywa chai, mwenye nyumba, mtu mwema sana, alitueleza kwamba upande wa kaskazini yako magofu mengine, Khirbet Qana, na wachimbaji wengi wa mambo ya kale huona kwamba hayo ndiyo Kana yenyewe. Baba alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ikiwa Kana ni mbili, mimi niliwaambia watu nini miaka ile yote?"

Sikuwa na jibu, na kesho yake alitembea mbele yetu peke yake.

Siku ya tatu tulipita katikati ya mashamba ya ngano, ingali mibichi, na maua mekundu kandokando. Baba akasimama. Akachukua udongo, akaufikicha vidoleni, akatuita. Katika shamba lile moja ilipita njia ngumu iliyokanyagwa na watu. Hatua chache kando yake mwamba ulikuwa umefunikwa na udongo mwembamba, na ngano ya hapo ilikuwa fupi na ya manjano. Ukingoni ilisimama miiba. Na katikati ngano ilikuwa nene, nzuri. Akamwambia mjukuu wake, "Mpanzi aliyesimuliwa alilima shamba kama hili. Hapa sihitaji kibao cha kuniambia ni mahali gani." Tangu saa ile alianza kuongea tena.

MAJI NA MAGENGE

Karibu na hapo pana Pembe za Hattin, kilima chenye vilele viwili. Tarehe 4 Julai 1187 Salahuddin alilishinda hapo jeshi la Wazungu wa vita vya msalaba, waliokuwa wamekatiwa njia ya maji wakati wa jua kali. Sisi kila mtu mzima alichukua lita tatu, wala hatukuona kwamba ni nyingi.

Baada ya hapo ni genge la Arbel. Kilele chake ni mita 181 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa la Galilaya liko yapata mita 210 chini ya usawa huo, basi mteremko ni mkubwa, na mahali pengine mtu hushikilia vyuma na kamba za waya. Mke wangu alisema kwa adabu, "Baba, magoti yako tunayahitaji nyumbani." Mzee alikataa mara mbili, hata mjukuu wake wa miaka tisa alipoomba asindikizwe kwa teksi ndipo akakubali. Tulikutana nao chini, Magdala.

Huko Ginosar tuliona mashua ya mbao, urefu wake mita 8 na zaidi kidogo, iliyoonekana matopeni mwaka 1986 ziwa lilipokauka kandokando kwa ukosefu wa mvua. Ndugu wawili wavuvi ndio walioigundua, na imepimwa kuwa ya yapata miaka 2,000. Hakuna ajuaye ilikuwa ya nani, wala waangalizi wake hawadai kujua. Kapernaumu nako, chini ya kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1990, ziko kuta za nyumba ya mawe meusi, ambayo Wakristo wa kale waliiheshimu kama nyumba ya Petro na kuandika maombi yao ukutani. Baba alikaa hapo saa nzima.

SHAURI KWA WASAFIRI

Atakaye kwenda na achague Machi au Aprili, kabla ya joto kali. Avae viatu alivyokwisha kuvizoea. Na achukue maji kuliko anavyodhani yatosha. Tangu vita vilivyoanza Oktoba 2023 wageni walipungua sana, basi na aulize kwanza hali ya usalama. Baba amerudi kufundisha. Wanafunzi wakimwuliza habari za Kana, huwaambia kwamba zipo mbili, kisha huwapeleka shambani.