Mega za Kwetu na Mega za Zambia

Hapa Luano tunasikia kila mara: "Zambia mega ni bei rahisi kuliko kwetu." Wenzetu wanaofuata unga Kasumbalesa, chini ya kilometa 100 kutoka Lubumbashi, wanatembea na kadi mbili za simu. Je, sisi wote tufanye hivyo?

Tuanze na makuta. Huku tuna Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Zambia kuna MTN, Airtel na Zamtel. Kwa wingi wa kampuni hatujapitwa. Tofauti iko hapa: mega za kwetu zinapangiwa bei kwa dola, na sisi tunauza nyanya kwa faranga. Faranga ikishuka, mega zinapanda hata kama bei ya dola haijaguswa. Mama wa Zambia analipa kwa kwacha, ileile anayopokea sokoni. Kwacha nayo hushuka, lakini yeye hana hesabu mbili za kufanya.

Halafu kuna mpaka. Airtel iko pande zote mbili, lakini kumpigia dada aliye Chililabombwe ni simu ya nchi ya nje. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha bei ya simu kati yao. Kongo na Zambia ziko pamoja katika SADC na COMESA. Sisi tunaoishi karibu na mpaka tuna haki ya kuomba jambo kama hilo.

Na kuomba kunasaidia. Tunakumbuka RAM ya mwaka 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G au 4G, zikikatwa kwenye salio. Watu walilalamika sana, hata bungeni, na mwaka 2022 ikaondolewa.

Kwa hiyo, kadi ya Zambia inamfaa mama anayevuka mara kwa mara. Ikiwa Luano inahesabiwa mgeni, na mgeni hulipa zaidi. Kwa sisi tunaobaki, tuulize mambo matatu kabla ya kununua: mega ngapi, siku ngapi, faranga ngapi leo? Mega za siku moja zinaonekana ndogo kwa bei, lakini tukizijumlisha kwa mwezi, mara nyingi zinakula daftari la mtoto. Tuhesabu pamoja kwenye kikundi, kama tunavyohesabu likelemba.