Si Nanga Kila Siku

Mgonjwa anayemwambia daktari kwamba mwili wote unauma amesema kweli, lakini hajamsaidia daktari. Kauli ya "mtandao unasumbua" ni ya jamii hiyohiyo. Hutia katika kapu moja mambo yasiyo na udugu: njia nyembamba, safari ndefu, data zinazopotea njiani, na mashine inayongoja jibu lisilokuja. Kiswahili hakikosi maneno ya kuyatenganisha mambo hayo. Wasemaji ndio waliolegea.

Katika mtaa wa Port Reitz, upande wa bara wa Mombasa, wa kwanza kulaumiwa ni bahari. Lawama hiyo ina historia. Hadi mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea satelaiti. Ishara ilipanda takriban kilomita 36,000 angani, ikashuka, na jibu likarejea kwa njia iyo hiyo. Karibu nusu sekunde ilikwisha hata pasipo msongamano. Mwaka huo kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa, na SEACOM nayo ikaanza kazi. Kisha, Februari 2012, nanga ya meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ikaikata TEAMS. Mei 2024 kebo za SEACOM na EASSy zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikahisi. Kwa watu waliozoea kuziona meli, nanga ni maelezo yanayoaminika kwa wepesi mno.

Ndivyo alivyoelezwa mwanafunzi mmoja wa mtaa huo, aliyekuwa akiandika tasnifu yake kwa tarakilishi, au kompyuta kwa wasioiridhia istilahi hiyo, iliyokwisha kutumiwa na ofisi fulani. Ilikuwa na mfumo wa Linux. Kila ukurasa mpya wa wavuti ulikaa kimya kabla ya kufunguka.

"Nanga hiyo, mwanangu," akasema mjombake, mfanyakazi wa bandarini. "Ngoja watengeneze."

"Lakini mjomba, faili likishaanza kushuka hushuka mbio. Na simu ya mama, kwenye mtandao uu huu wa nyumbani, haina shida."

Mamake, muuza mahamri, alikuwa amekwisha kuhesabu fedha za kulipia huduma ya kasi zaidi. Fedha hizo zingekwenda bure, kwani hoja ya mwanawe ilikuwa nzito kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Upana wa njia ni jambo moja, muda wa safari ni jingine, na kuchelewa kuanza ni la tatu. Tena kebo iliyokatika baharini haichagui. Ingeilemea simu pia.

Alianza na programu ya ping, ambayo hutuma ujumbe mdogo na kupima muda wa jibu. Alipoipa nambari ya mashine ya mbali, pamoja na -n ili isitafute majina, majibu yalirudi mfululizo wala halikupotea hata moja. Alipoipa jina la mashine iyo hiyo, ilinyamaza sekunde 5, ndipo ikaanza. Na muda wa kila jibu ukawa uleule wa awali. Barabara ilikuwa nzima. Aliyelala ni mwelekezaji.

Tarakilishi haisafiri kwa majina. Kabla ya kufungua ukurasa, huiuliza seva ya majina nambari ya jina hilo, na anwani za seva hizo, katika mifumo ya jamii ya Unix, huandikwa katika faili la /etc/resolv.conf. Huulizwa kwa mpangilio wa mistari. Katika Linux, mipangilio isipobadilishwa, seva ya kwanza isipojibu mashine hungoja sekunde 5 kabla ya kuiendea ya pili. Likija jina jingine, huanza tena kwa ile ile ya kwanza, kana kwamba haikujifunza lolote. Nao ukurasa mmoja wa gazeti huweza kuhitaji majina kumi: picha hapa, tangazo pale. Mstari wa kwanza ulikuwa na anwani ya seva ya ile ofisi ya zamani, isiyofikika kutoka Port Reitz. Wa pili ulikuwa sahihi, na hapo ndipo palipokuwa na hila. Hakuna kilichoshindikana, kila kitu kilifaulu kwa kuchelewa, bila ujumbe wowote wa kosa. Lau mstari wa pili usingalikuwapo, ugonjwa ungalijulikana siku ya kwanza.

Aliufuta ule wa kwanza. Kesho yake uzito ukarudi, kwa sababu programu inayosimamia miunganisho ililiandika faili upya mashine ilipowashwa, ikifuata mipangilio ya zamani. Ikabidi anwani ile iondolewe huko huko katika mipangilio. Mamake akanunua unga.