Mti Uitwao Mfagio

Kiswahili kina desturi ya kuutaja mti kwa tunda lake: mnazi kwa nazi, mchungwa kwa chungwa. Lakini mfagio hauzai ufagio. Wenyewe ndio ufagio. Waliouita hivyo hawakutazama tunda wala ua, walitazama kazi.

Tunauzungumzia ule mti mdogo wa huku pwani, ambao kwa kawaida haupiti kimo cha kiuno, umeao kando ya njia na penye malisho yaliyochoka. Maua yake ni madogo, ya manjano, nao ni wa ukoo mmoja na pamba na bamia. Mkulima huuhesabu kuwa gugu, wala hatumlaumu: mzizi wake huzama sana, na ajaribuye kuung'oa kwa mkono mmoja atajuta. Ugumu huo huo ndio uliowapendeza mama zetu.

Ufagio wa chelewa, yaani wa njiti za makuti ya mnazi, ulikuwa na kazi zake. Wa mfagio ulikuwa wa uani. Matawi yalikatwa baada ya masika, yalipokwisha komaa. Yalikatwa, hayakung'olewa, ili shina lichipue tena. Yakaanikwa hadi majani yakapukutika, yakafungwa kwa gome la mti wenyewe, lenye nyuzi imara. Mfagiaji aliinama, mkono mmoja mgongoni, akifagia mbele ya jua kuchwa, maana kufagia usiku kulikuwa mwiko. Mchanga ukabaki na mistari myembamba, na alfajiri mwenye nyumba alisoma hapo kama usiku alipita paka, nyoka au mtu.

Katika safari zetu za kikazi tulifika shule moja ya sekondari. Wanafunzi walikuwa wakiung'oa mfagio uwanjani na kuuchoma moto. Ofisini, katika orodha ya vitu ambavyo mzazi hutakiwa kununua, tuliona ufagio wa plastiki. Tulimwuliza kijana mmoja jina la mmea ule.

"Majani tu, mzee," akajibu.

Jibu hilo lilituuma kuliko moto wenyewe. Mswaki wa plastiki angalau umerithi jina la mti wake, ingawa wengi wausuguao menoni hawajui kwamba mswaki ni mti. Mfagio unapokonywa kazi na jina kwa pamoja.

Tuliokota tawi moja ambalo halijafika motoni, tukamwonyesha jinsi gome linavyochunwa. Akalivuta kwa mikono miwili, likakataa kukatika, akawaita wenzake.