Grisi na Mawese

Nimejaribu mara nyingi kuwaona wale mafundi wa Kijerumani wakishuka ngazi za chumba cha mitambo, Julai 1916, grisi imewajaa mikononi. Meli yao ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili majini. Wabelgiji walikuwa wanaikaribia Kigoma, na shauri lilishakatwa: izame, adui asiipate. Hawa ndio walioiunga bamba kwa bamba. Basi kabla ya kuizamisha wakaipaka mitambo grisi nzito, kiungo baada ya kiungo, mpaka chuma kikapotea machoni.

Tarehe 26 wakailaza chini ya maji, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi.

Mtu anayekipaka mafuta kitu anachokwenda kukizika anawaza nini? Anaaga, au anaweka akiba? Swali hili limenikaa kwa miaka, ingawa mimi si fundi na Vita ile ya Kwanza ya Dunia si yangu. Nahisi mikono yao ilijua jambo ambalo vinywa vyao visingethubutu kulitamka.

Meli ilikuwa imetoka mbali. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwenye karakana ya Meyer, kisha ikafumuliwa yote na kufungwa ndani ya makasha yapatayo 5,000. Makasha yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakafuata Reli ya Kati, yakafika Kigoma, na hapo ufukweni ikaungwa upya. Februari 1915 ikaonja maji ya Ziwa Tanganyika. Juni ikaanza safari. Ilikuwa na urefu wa mita 71 na ushee. Baadaye ikapachikwa mzinga uliookolewa kutoka manowari ya Königsberg, iliyofia kwenye delta ya Rufiji mwaka huohuo.

Hata kuzaliwa kwake kulianza kwa kuvunjwa.

Jina lake lilikuwa Goetzen, jina la gavana aliyetawala huku kuanzia 1901 hadi 1906. Chini yake vita vya Maji Maji vilizimwa kwa kuchoma mashamba na maghala, njaa ikawamaliza waliosazwa na risasi. Jina hilo silililii. Lakini hapo ndipo ninapotatizika, maana mwili uleule uliobeba jina lile ndio uliokuja kumbeba mama yangu akiwa na mimba yangu. Nitaukwangua vipi ubavu wa meli mpaka jina litoke na chuma kibaki?

Wabelgiji waliitoa majini mwaka 1918, wakaivuta hadi Kigoma. Mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiibua Machi 1924. Juu palikuwa na tope, chini ya tope grisi, na chini ya grisi mitambo ilikuwa bado inafaa. Miaka inakaribia minane tangu ipakwe.

Mei 1927 ikarudi kazini kwa mvuke wa mitambo ileile, ikiwa na jina jipya: Liemba. Ndilo jina Livingstone alilolisikia kwa watu wa kusini alipofika ziwani mwaka 1867. Meli ikapewa jina la maji yaliyoimeza mara mbili. Kwetu mtoto hurithishwa jina la marehemu. Sijapata kusikia aliyerithishwa jina la kaburi.

Nilisoma sekondari Kigoma, na nyumbani ni Kirando, mwambao wa Rukwa. Enzi zile Liemba haikugusa ufukwe wetu. Ilisimama mbali, usiku, taa zote zinawaka, kama mtaa mmoja uliochepuka kutoka mji fulani na kupotea njia. Ikapiga honi. Kutoka gizani maboti ya mbao yakaikimbilia, wapiga makasia wakitukanana kwa furaha, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kushika kamba. Mlango wa ubavuni ukafunguliwa, vikaanza kupita: magunia ya dagaa, kuku, magodoro, watoto wachanga mkono kwa mkono. Zamu yako ikifika unakaa kitambo hewani. Mguu mmoja umeshatoka melini, mwingine haujafika botini, chini yako maji meusi yanapumua. Kisha mkono wa mtu usiyemjua unakudaka kiunoni.

Sijui kama nimewahi kumwamini mtu maishani kama nilivyouamini mkono ule.

Bibi hakuja ufukweni hata siku moja. Alikaa barazani akaisikiliza honi. "Mume wangu amefika," angesema kabla sijapiga hodi, maana kwetu mjukuu wa kiume ni mume. Na swali lake la kwanza halikuwa la masomo. Lilikuwa la mawese. Dumu la lita tano la mawese ya Kigoma ndilo lililokuwa tiketi yangu ya kuingilia nyumba ile.

Mengi tuliyala. Mengine yalikuwa ya jembe.

Mvua zikikatika, kazi za shamba zimekwisha, alilisugua jembe lake kwa majivu na gunzi la mahindi, akalianika juani likauke. Kisha akachovya kitambaa kwenye mawese na kulipaka lote, shingo na bapa, mpaka likang'aa rangi ya machweo. Hapo tena lilipandishwa darini. Lilikuwa limelika vibaya, limebaki kama upawa. Siku moja nikamwambia anajisumbua bure.

"Limelala tu, mume wangu," akasema. "Utamlaza mtu usimfunike?"

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Siku ile Liemba ilikuwa njiani kuelekea Mpulungu, Zambia. Ikaichukua barua ilipokuwa inarudi, nayo ikanifikia Kigoma bibi yangu akiwa ameshazikwa siku nyingi. Nikapanda safari iliyofuata. Nilipofika matanga yalikuwa yameanuliwa. Honi ililia vilevile, maboti yalikuja vilevile, wapiga makasia wakatukanana vilevile. Nilikuwa na dumu mkononi. Nilikuwa najua kilichonipeleka, na bado nilikuwa nimelinunua.

Jembe lilikuwa darini. Nilipolishika, kidole kikateleza.

Sikuwa nimesoma bado habari za grisi ya mwaka 1916. Nilipokuja kuzisoma, miaka mingi baadaye, nilifunga kitabu nikakaa.

Wapo wengine wenye kumbukumbu tofauti kabisa za meli hiyohiyo. Mwaka 1997, pamoja na meli nyingine, Mwongozo, iliwarudisha kwao wakimbizi wa Zaire zaidi ya 75,000. Mei 2015 ikapelekwa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji mpakani na Burundi, ambako makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamesongamana ufukweni, na kipindupindu kimeshawaingia. Ikawabeba kuwaleta Kigoma, mamia kwa mamia, chombo cha kuchukua abiria 600. Hao wa kwanza walikuwa wanarudi kwao, hawa wa pili walikuwa wanapaacha kwao. Mtoto aliyebebwa Kagunga akikumbuka honi ile, anakumbuka nini? Siwezi kumwambia kwamba ilikuwa sauti ya likizo na dumu la mawese.

Wazungu nao waliipenda kwa namna yao. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, The African Queen, na filamu iliyoitwa kwa jina hilo mwaka 1951, zilichota kwenye vita ile ya ziwani. Humo meli ya Wajerumani inazama na mambo yanaishia hapo. Hadithi zina bahati, zinajua pa kukomea.

Kuna jambo lililonichoma zaidi. Mitambo ile ya mvuke, iliyolindwa kwa grisi, iling'olewa miaka ya 1970, ikawekwa injini za dizeli. Nililijua hili nikiwa mtu mzima. Kumbe mngurumo ulionibembeleza utotoni, nikiwa nimelala juu ya gunia kwenye daraja la tatu, haukuwa wa moyo uliofukuliwa. Moyo ule ulishaondoka. Ulikaa chini ya maji ukangoja, ukaibuka, ukafanya kazi karibu nusu karne, kisha ukatolewa siku ya kawaida tu, na watu waliokuwa kibaruani, pengine wakiwahi chakula cha mchana.

Basi wale mafundi waliokoa nini?

Jina limebadilika, bendera zimebadilika, mitambo imebadilika. Tunaposema Liemba ni ileile, "ileile" ni ipi? Nauliza kwa sababu ninaye mtu nyumbani mwa moyo wangu ambaye naye amekuwa akibadilishwa kipande kwa kipande. Sauti ya Bibi siikumbuki tena kwa hakika. Maneno yake ninayo, lakini nayasemea kwa sauti niliyoiazima kwa mama. Sura yake nimeichanganya na picha moja iliyopauka, aliyopigwa akiwa kijana kuliko nilivyomjua. Hata harufu yake, nikiitafuta, nakutana na harufu ya mawese, nayo ilikuwa ya Kigoma, haikuwa yake. Kilichobaki ndani yangu ambacho ni yeye hasa ni kipi? Na kama hakipo, mbona bado ananiuma?

Mara ya mwisho kuiona Liemba ilikuwa imefungwa gatini Kigoma, safari zimekoma. Kamba zilikuwa zimelegea, na palikuwa kimya kiasi cha kusikia maji yakiupapasa ubavu. Nilisimama muda mrefu. Kijana muuza karanga aliniuliza kama nasubiri mtu. Nikashindwa kumjibu upesi, akaniuzia karanga za shilingi mia tano akaenda zake. Nikajikuta nakodolea macho milango ya chini, kule kunakoelekea kwenye mitambo, nikijiuliza kama safari hii kuna mtu aliyekumbuka kupaka.

Jembe la Bibi ninalo hapa Dar es Salaam, juu ya kabati. Sina shamba. Nina kibaraza na ndoo mbili za maua ya mke wangu. Kila mwaka masika yakikatika nakwenda sokoni kutafuta mawese, na muuzaji hataki kuniuzia mpaka aniambie yanapikwaje, kwa maana ameshaniona si mtu wa jikoni. Namsikiliza. Nanunua chupa ndogo.

Mwaka huu mwanangu alinikuta sebuleni nimetandaza gazeti sakafuni, kitambaa mkononi, vidole vimekuwa vya rangi ya chungwa. Akanitazama. Akauliza tunakwenda kulima wapi.

Nikamwambia anishikie mpini.