Aliyeonewa Kazini Ashike Kalamu

Mume akiwa kambini na mke akifundisha katika shule ya serikali, mshahara mmoja ukisimamishwa nyumba nzima hutikisika. Kwa hiyo yafaa jamaa wote wajue namna mtumishi awezavyo kuukatia rufani uamuzi anaouona si wa haki.

Nchini Uganda, Katiba ya mwaka 1995 imeliweka jambo hili wazi. Kifungu cha 173 chakataza mtumishi wa umma kufukuzwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa pasipo sababu ya haki. Kifungu cha 42 champa kila mtu aliyeamuliwa jambo na afisa wa serikali haki ya kutendewa kwa uadilifu, na ya kwenda mahakamani. Askari jeshi wana sheria na ngazi zao za amri. Mwalimu, mwuguzi au karani aliyeajiriwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya aweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo kazi yake mojawapo ni kuyasikiliza na kuyaamua.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa humfaa ajuaye kuitumia. Wawili huipoteza: anunaye kimya, na amfokeaye mkubwa wake mbele ya watu. Wa kwanza hupitwa na muda. Wa pili huongeza kosa la kweli juu ya lile alilosingiziwa. Hasira hasara.

Mwenye busara huomba uamuzi kwa maandishi. Kisha huandika barua fupi: tarehe, uamuzi wenyewe, sababu za kuupinga, na anachoomba. Huipitisha kwa mkuu wake na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mali bila daftari huisha bila habari, na haki ni vivyo hivyo. Tena aitazame kalenda: kwa kanuni za mwaka 2009, ombi la kuitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa afisa hupelekwa ndani ya miezi 3, nayo mahakama hutaka ngazi za ndani zipitiwe kwanza. Anayengoja kuhurumiwa huenda akaukuta mlango umefungwa.

Nyumbani nako kuna wajibu. Mwenzi asimchochee aliyeonewa kuitupa kazi. Na amsaidie kuzitunza barua zake. Kukata rufani si utovu wa adabu. Ni kuomba mizani ipimwe tena, na serikali yenyewe ndiyo iliyoruhusu.