Nilizihamisha Bila Kupiga Hodi

Nilihamisha hadithi za watu bila kuwauliza. Zilikuwa hadithi za mashabiki, zile ambazo msomaji wa Harry Potter au mtazamaji wa Star Trek huandika kwa raha yake, akiwachukua wahusika wa mtu mwingine na kuwapa visa vipya. Waandishi walizipandisha mtandaoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa lakabu, bila kutarajia hata senti. Nilizikuta zinakaribia kufutika, nikazikusanya na kuzipeleka kwenye hifadhi nyingine kubwa zaidi, kisha kwa miezi kadhaa nikatembea kifua mbele.

Hadithi hizi nilianza kuzisoma Mombasa, kwenye saiba, enzi za kulipia kwa dakika. Ujanja ulikuwa kufungua sura zote haraka, kuzinakili kwenye disketi, halafu kwenda kuzisoma kwa yeyote mwenye kompyuta nyumbani. Baadaye nikawa msimamizi msaidizi wa hifadhi ndogo ya hadithi za Harry Potter, iliyoendeshwa na mama mmoja Mmarekani kwa pesa za mfukoni mwake. Alipochoka kulipia seva alituarifu kwamba mwaka ukiisha hatalipa tena. Nywila ya usimamizi nilikuwa nayo.

Hofu yangu haikuwa ya bure. Mwaka 2002 FanFiction.net ilipiga marufuku hadithi za watu wazima na kuzifuta. Mwaka 2007 LiveJournal ilifunga mamia ya shajara kwa mkupuo, nyingine za mashabiki waliokuwa wakiandika hadithi tu. Oktoba 2009 Yahoo iliifunga GeoCities, na kurasa za watu binafsi zilizojaa hadithi zikaenda na maji. Mwaka ule ule wa 2007 mashabiki waliunda shirika la Organization for Transformative Works, na shirika hilo likaanzisha hifadhi ya Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa watu wote Novemba 2009. Wanaojitolea huko wana mradi uitwao Open Doors, ambao kazi yake ni kuziokoa hifadhi kongwe zinazokufa.

Nao hawakurupuki. Hukubaliana kwanza na mwenye hifadhi, hutangaza, kisha humwandikia kila mwandishi ambaye anwani yake ipo. Mwandishi anaweza kuipokea hadithi kwenye akaunti yake, au kusema ifutwe. Anaweza pia kuiacha iwe yatima: ibaki ikisomwa lakini jina lake liondolewe. Yote hayo huchukua muda. Nilizijua taratibu hizo nikaziona urasimu. Seva inakaribia kuzimwa, nilijiambia, na mwandishi gani atakataa kuokolewa kazi yake?

Basi nikafungua akaunti kwenye hifadhi ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa halikuwa lake, nikaanza kunakili. Nilikuwa mwaminifu kupita kiasi. Sikurekebisha hata nukta, na makosa ya tahajia niliyaacha yalivyo. Yale maelezo ya juu ya hadithi, ambamo mwandishi anakiri kwamba wahusika ni wa Rowling, mtunzi wa Harry Potter, na kumwomba asimshtaki, niliyabeba. Hata ile anwani ya barua pepe iliyowekwa mwishoni ili msomaji aandike maoni, niliibeba.

Hapo ndipo nilipoharibu. Hifadhi ya zamani ilikuwa na faili dogo la robots.txt, ambalo huziambia mashine za kutafuta zisiingie. Mama yule aliliweka makusudi, maana waandishi wengi walikuwa na wazazi, waajiri na waume wasiojua habari hizi. Hadithi ilionekana na yule tu aliyejua njia ya kufika. Hifadhi mpya haikuwa na kizuizi hicho. Isitoshe, mfumo wake uliandika tarehe ya kupandisha kuwa ndiyo tarehe ya hadithi, isipokuwa ukiibadilisha mwenyewe. Mimi niliyechunga nukta sikuijali tarehe.

Mmoja wa waandishi alikuwa ameweka barua pepe ya chuo chake, iliyoundwa kwa jina lake halisi na la ukoo. Aliandika akiwa mwanafunzi, hadithi ya mapenzi ya wachawi wawili wanaume, yenye maelezo ya chumbani ya kutosha. Nilipoipandisha alikwisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mzazi mmoja alilitafuta jina lake mtandaoni, kama wazazi wafanyavyo, akaikuta. Kwa tarehe niliyoiacha, ilikuwa kama mwalimu ameiandika mwezi uliopita.

Barua yake kwangu haikuwa na matusi. Aliuliza nani aliniruhusu, na ifanyweje ili itoke. Chini yake aliongeza kwamba hadithi hiyo aliwahi kuomba ifutwe kwenye hifadhi ya zamani, akaahidiwa, na akaamini imefutwa. Nilipekua ujumbe wa zamani wa usimamizi nikalikuta ombi lenyewe. Aliyelipokea na kulijibu ni mimi.

Niliifuta siku hiyo hiyo. Kwa wiki kadhaa matokeo ya utafutaji yaliendelea kuonyesha kichwa cha hadithi na mistari yake ya kwanza, na wasomaji waliokwisha kuipakua sina mamlaka juu yao. Shuleni kwake yaliishaje, hakuniambia, nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Nilimwomba radhi, na ndani ya barua ile ya radhi nikachomeka kijitetezi: kwamba nia ilikuwa njema, na kwamba mwandishi mwingine alinishukuru akisema aliidhani kazi yake imepotea kabisa. Yote ni kweli. Lakini shukrani ya yule haikumpunguzia huyu chochote, na kuitaja pale kulikuwa kumtaka aliyeumia anifariji mimi. Hakujibu, na alifanya vizuri.

Kisha nikaziondoa zote zilizobaki, nikafanya kile ambacho nilipaswa kufanya mwanzo. Niliwaandikia waandishi mmoja mmoja. Waliokubali nilizirudisha hadithi zao, safari hii kwa tarehe za zamani na bila anwani. Wengine walitaka yatima. Mmoja alizisoma tena zake, akacheka, akaniambia nizichome. Barua nyingi zaidi zilirudi zenyewe, kwa kuwa nani bado ana barua pepe ya mwaka 2003?

Hizo ambazo wenyewe hawakupatikana ninazo kwenye diski, hazipo mtandaoni. Baadhi ni nzuri kuliko zangu zote. Kuna msomaji anayeniandikia kila mara akiomba moja kati ya hizo, ndefu, ya sura nyingi, aliyoiacha katikati seva ilipozimwa. Anakumbuka hadi jina la bundi aliyemo. Nimemkatalia. Ananiita bahili wa mali isiyo yangu, na kwa hilo sina la kumbishia.