Jani lenye Mabaka Meupe

Huko Japani watu hupanda kivulini mmea uitwao hosta. Majani yake ni mapana, karibu kama ya majimbi, na mengine yana mabaka meupe. Wapenda udongo wenye unyevu na majani yaliyooza. Kwetu Alimbongo, zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, ukungu ungeufaa. Lakini Ikweta i karibu, wala hatuna ile miezi ya baridi kali ambayo mmea huo hulala ukapata nguvu mpya.

Hata hivyo jani lake latufundisha. Sehemu nyeupe haina ile rangi ya kijani itengenezayo chakula kwa mwanga wa jua; sehemu ya kijani huilisha, na jani lote huishi. Tena anayetaka kuuzidisha hapandi mbegu, maana mabaka kwa kawaida hupotea; huligawa shina pamoja na mizizi yake, akampa jirani kipande.

Mwezi wa Desemba 2024 vita vilifika Alimbongo. Wengi wetu tulikimbilia upande wa Lubero na Butembo, tukiacha viazi shambani, nanyi mkatupokea nyumbani mwenu. Mungu awalipe. Lakini wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi twaliomba jembe hilo. Kama nyuma ya nyumba pana kivuli chenye unyevu, ambapo maharage hayastawi, tugawieni hapo, pamoja na vichipukizi vichache vya majimbi. Tutalima, na chungu kitakuwa cha wote.